Usiku wa Jumatano

Esteri Ininahazwe hakuwa na siku ya kuzaliwa. Kwenye karatasi alikuwa nayo, tarehe mosi mwezi wa saba, lakini hiyo alipewa na karani siku ya kuandikishwa uraia. Mumewe Kipriani alipewa hiyo hiyo, na watu wote waliokuwa kwenye foleni asubuhi ile walipewa hiyo hiyo, wazee kwa vijana. Karani alikuwa amechoka kuwauliza watu ambao mama zao walihesabu kwa mvua na kwa mavuno. Kwa hiyo Esteri, mwuza maharage wa sokoni Kasulu, aliyevushwa mpaka wa Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, alikuwa pacha wa watu kama mia mbili, na jambo hilo halikuwahi kumsumbua hata siku moja.

Siku iliyomsumbua ni ya kuzaliwa mtoto wa Mwamvua.

Mwamvua alikuwa na duka la vitenge na kanga, mkabala na meza ya Esteri. Mama yake alitokea Pangani, na mwenyewe hakuacha mtu asahau hilo. Alikuwa na sauti ya juu, vidole vyenye hina, na tabia moja iliyomkera Esteri kupita zote: jambo likimwudhi alipiga ukuta wa duka kwa kiganja, pa, pa, pa, kama anayefukuza mbwa. Esteri, mkono ndani ya sado la kupimia maharage, alikuwa akihesabu mapigo hayo huku akijifanya hasikii.

Walijuana tangu Kibondo. Jioni moja ya Oktoba mwaka tisini na tisa, wiki ile ile redio ilipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki, wanawake hawa wawili walijifungua katika wodi moja, vitanda viwili vilivyogusana. Mwamvua alikuja na dada yake, mkwewe na chupa ya uji. Esteri alikuja peke yake, maana Kipriani alikuwa shamba huko Murungu na habari haikumfikia. Baada ya watoto kutoka, Mwamvua alivua kanga yake mpya akamrushia Esteri amfunike mtoto. Esteri hakuwa msomi, aliishia darasa la nne, akaisoma ile kanga silabi kwa silabi akiwa amelala: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Akaichukua kama kofi. Miaka kumi na mitano ilipita, familia zote mbili zikahamia Kasulu, na kanga ile bado ilikuwa sandukuni, haijavaliwa wala haijatupwa.

Watoto wakakua. Faudhia wa Mwamvua alikuwa na mabegi mapya kila Januari. Uwimana wa Esteri alikuwa na daftari, na ndani ya daftari aliandika mambo ambayo mama yake hakuweza kuyasoma yote lakini aliyapima kwa wingi wa kurasa. Mwaka 2014 wote wawili walikuwa kidato cha pili, shule moja. Esteri aliangalia. Faudhia akinyoa nywele, Esteri aliona. Faudhia akipata alama, Esteri alijua kabla Mwamvua hajajua. Warundi huita wivu wa namna hiyo ishari, nao hauna dawa ya dukani.

Mwishoni mwa Septemba wazazi waliitwa shuleni. Mwalimu Ndayiragije, mwalimu wa Kiswahili, alifungua karatasi ndefu kama mkeka, iliyounganishwa kwa gundi, akaibandika ukutani.

"Hawa ni waandishi wa nchi mbalimbali na wa zama mbalimbali," alisema. "Nimewapanga kwa tarehe walizozaliwa. Nina miaka tisa naandika, kila nikipata jina naongeza. Kila mwezi mwanafunzi aliyezaliwa siku moja na waandishi wa kwenye karatasi hii husoma insha yake mbele ya shule. Lakini wa Oktoba hii atapata zaidi. Atakwenda Kigoma wiki mbili, mafunzo ya waandishi vijana, na insha yake itachapwa kitabuni. Nafasi ni moja."

Esteri alimtazama Uwimana. Uwimana alikuwa anatazama karatasi.

Kidole cha mwalimu kilishuka. "Oktoba kumi na mbili, hapa hatuna mtu, patupu. Oktoba kumi na tatu, watatu! Mwanamke Mwingereza wa zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, aliyesafiri mito ya Afrika Magharibi akaandika aliyoyaona. Mshairi Mmarekani mweusi, miaka zaidi ya mia. Na Mjamaika mmoja ambaye yu hai. Bahari na bahari, karne na karne, siku moja. Na shuleni kwetu siku hiyo amezaliwa Faudhia Nurudini."

Makofi. Mwamvua alisimama kama aliyeitwa kupokea mahari, akaketi tena.

Njiani Esteri alimshika Uwimana mkono. "Wewe kwenye kitabu chao umeandikwa tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, Mama. Si wewe uliwaambia?"

"Mawe!" Esteri alimaka, kwa Kirundi akimwita mama. "Mlizaliwa jioni moja! Vitanda vimegusana!"

"Labda Mama Faudhia alikosea."

"Yule hakosei pale penye faida."

Uwimana akacheka. "Kwani patupu pana ubaya gani? Pana nafasi. Mtu unaweza hata kujinyoosha."

Esteri hakucheka. Mtoto anayecheka akinyang'anywa, nani atamtetea?

Kesho yake sokoni Mwamvua hakuuza kitenge hata kimoja bila kusimulia. "Mwanangu bwana! Mwanangu kazaliwa na Mjamaika!"

Mwuza mawese aliyekaa karibu na Esteri aliinua kichwa. "Kazaliwa na Mjamaika?"

"Na Mmarekani pia."

"Haa! Na baba Faudhia anajua?"

Soko zima likaangua kicheko. Nurudini mwenyewe, aliyekuwa anapanga majora, akajificha nyuma ya mlango. Mwamvua akapiga ukuta, pa, pa, pa. "Kazaliwa siku moja na Mjamaika, nyie msio na haya!" Esteri alicheka mpaka machozi, lakini usiku ule ule alijikuta akiwataja wale watatu kimoyomoyo, Mwingereza, Mmarekani, Mjamaika, kama mtu anayetaja mashamba ambayo wengine wamegawana bila yeye.

Ilimchukua siku tatu kukumbuka. Mwaka wa kuwaandikisha watoto darasa la kwanza, Mwamvua alikuwa mbele yake kwenye foleni. Wote wawili hawakuwa na kadi za kliniki. Ya Esteri ilioza kwa mvua, ya Mwamvua ilipotea walipohama. Mwalimu wa siku hiyo aliuliza, mtoto alizaliwa lini? Mwamvua akajibu, "Usiku wa Jumatano, wiki aliyokufa Mwalimu." Mwalimu akahesabu: Alhamisi ya kifo ilikuwa tarehe kumi na nne, basi Jumatano ni kumi na tatu. Esteri akafuata: "Jumanne jioni, wiki hiyo hiyo." Kumi na mbili.

Alikuwa amesimama na sado mkononi lilipomjia. Watu wa asili ya Mwamvua, jua likizama, siku imekwisha. Jumanne magharibi ikiingia, kwao ni usiku wa Jumatano. Kwa Esteri na kwa Waha anaoishi nao, usiku ni mkia wa mchana wake, Jumanne ni Jumanne mpaka jogoo awike. Yule mwalimu wa kuandikisha, mtu wa bara, alisikia Jumatano akaandika Jumatano. Mwamvua hakudanganya. Aliongea tu kama mama yake, na kwa kuongea hivyo amempatia mwanawe Kigoma.

"Kumbe ningesema usiku wa Jumatano," Esteri alijiambia. "Maneno matatu." Mnunuzi alimwuliza mara mbili kama anauza au anasali.

Alitaka shahidi. Alipanda basi asubuhi na mapema kwenda Kibondo, akashika pikipiki mpaka Murungu, kwa Bi Adija, mkunga aliyewazalisha wote wawili, sasa amestaafu. Alimkuta barazani anachambua mboga za maboga.

"Shikamoo Bi Adija. Mimi ni mama Uwimana, yule wa mwaka tisini na tisa—"

"Marahaba. Yule wa kugonga ukuta," alisema Bi Adija bila kuinua macho. "Kaa. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kujua watoto wetu walitoka saa ngapi."

Bi Adija aliweka kisu chini. "Miaka kumi na mitano hujaja kuniamkia, umekuja kuuliza saa?"

Esteri aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka. Mkunga akaguna, akafumba macho kidogo kama anayetafuta ufunguo.

"Nilikuwa nalitazama jua dirishani, nikiogopa sala itanipita. Wa Mwamvua alitangulia. Alitoka jua bado lipo, nikasema magharibi nitaiwahi. Natia udhu, nakusikia unagonga ukuta. Hukuita. Uligonga tu. Adhana ikaanza kulia, na kichwa cha mwanao kikatokea. Sala ile niliilipa baadaye, mwanao ndiye sababu."

Esteri alisimama. Faudhia kabla ya adhana! Basi hata kwa hesabu ya Mwamvua mwenyewe, Faudhia ni wa Jumanne. Na Uwimana, aliyetoka adhana ikilia, ndiye wa usiku wa Jumatano. Mwingereza, Mmarekani, Mjamaika, wote wake.

"Bi Adija, njoo useme hivyo Kasulu."

"Siendi Kasulu kubeba wivu wa mtu. Nitakuandikia, maana ni kweli. Uifanyie nini, hiyo ni shauri yako."

Ijumaa, tarehe kumi, Esteri alikuwa ofisini kwa mwalimu kabla ya kengele, na ile karatasi ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ameomba Mwamvua aitwe. Alitaka amwone uso. Wasichana wawili walisimama mlangoni, bega kwa bega, maana wao kwa wao hawakuwa na ugomvi.

Esteri alisema yote. Aliyasema vizuri, aliyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Murungu. Alieleza magharibi, alieleza adhana, akaweka barua mezani. "Kwa hiyo kwa mila yako mwenyewe, mama Faudhia, mwanao ni wa Jumanne. Wa Jumatano ni wangu."

Mwamvua aliivuta barua, akaisoma. Kwa mara ya kwanza tangu Kibondo, Esteri alimwona akiinamisha kichwa. Ilikuwa tamu, kama asali ya kwanza.

"Mimi nilikuwa nalia," Mwamvua alisema taratibu. "Unapozaa unasikia adhana? Niliwauliza wenzangu, wakasema usiku umeingia. Nikasema usiku wa Jumatano." Akageuka akapiga ukuta wa ofisi kwa kiganja, pa, pa, pa, ile karatasi ndefu ya waandishi, iliyobandikwa hapo, ikatikisika.

Mwalimu Ndayiragije alisoma barua mara mbili. Kisha akavua miwani. "Mama zangu, serikali haihesabu kwa adhana. Wala haingoji jogoo. Siku hugeuka saa sita ya usiku."

"Saa sita?" Mwamvua alishangaa. "Nani anakesha kuigeuza?"

"Hivyo ndivyo ilivyo. Na kwa hesabu hiyo, hawa wote wawili ni wa Jumanne, tarehe kumi na mbili."

Esteri aliitazama karatasi ndefu ukutani. Kumi na mbili. Patupu. Alikuwa amesafiri mpaka Murungu kwenda kumtoa mtoto wa mwenzake kwenye kiti, na kiti chenyewe kimeondolewa.

"Basi nafasi itapotea?" aliuliza.

Mwalimu alivaa miwani tena. "Nafasi haipotei. Kosa ni langu. Nilipenda karatasi yangu mno, nikamchagua mwandishi bila kusoma hata mstari wake. Nyie wawili, leteni insha zenu kabla ya saa nane. Majina yatafunikwa, mwalimu mwingine atasoma."

Wakitoka, Mwamvua alipita karibu na Esteri. "Mwenzangu, ungeniambia tu," alisema. "Ningesema wote ni wa Jumatano. Nani angebisha?" Akaenda zake. Neno hilo Esteri alilibeba Jumamosi na Jumapili, hata kanisani.

Jumatatu, tarehe kumi na tatu, shule ilikusanyika uwanjani, wazazi kwenye madawati ya pembeni. Esteri alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Mwalimu mgeni alifunua jina.

"Faudhia Nurudini."

Mikono ya Esteri ilipiga makofi yenyewe, moyo haukupiga. Sasa hapakuwa na adhana wala saa sita ya kulaumu. Faudhia alifungua karatasi, akasoma kwa sauti ya mama yake iliyopunguzwa.

"Siku niliyozaliwa mama yangu alilia mpaka watu wa sokoni Kibondo wakasikia. Kitanda cha pili alikuwapo mwanamke ambaye hakuwa na mtu. Hakulia. Aligonga ukuta kwa kiganja mara tatu, akazaa. Mama yangu alikuwa na dada, na mkwe, na chupa ya uji, lakini alimwonea wivu mwanamke yule. Alivua kanga yake akampa. Watu walidhani ni huruma. Mama anasema alitaka tu kupata sababu ya kumtazama usoni, aone mwanamke wa namna ile ameumbwaje. Mpaka leo jambo likimzidi, mama yangu hupiga ukuta kwa kiganja mara tatu, na mimi najua anamwiga nani."

Iliendelea, lakini Esteri hakusikia sana. Aligeuka polepole. Mwamvua, madawati mawili nyuma, alikuwa anaiangalia miguu yake, na vidole vyake vya hina vimeshika kitambaa kwa nguvu. Macho hayakukutana.

Miaka kumi na mitano alikuwa akihesabu mapigo yale. Pa, pa, pa.

Nyumbani jua lilikuwa bado juu ya migomba. Uwimana alivua viatu, akaviweka pamoja. Insha yake iliitwa "Tarehe Tupu". Mwalimu alisema ilikuwa nzuri, ila ilikosa mtu ndani yake.

"Mama. Yule mwanamke ni wewe?"

"Ego," Esteri alikubali kwa Kirundi.

"Faudhia anajua. Soko zima sasa linajua. Mimi hukuniambia."

Esteri alikuwa amemsimulia mtoto huyu rangi ya kila jora lililoingia dukani kwa Mwamvua. Begi la Faudhia, viatu vya Faudhia, alama za Faudhia. Hilo moja hakuwahi kumsimulia, na mtoto alikwenda kwenye shindano na ukurasa mtupu, na mwenzake akaenda na Esteri mwenyewe kama mtaji.

Wivu ulimchoma upya, lakini safari hii ulikuwa na kichwa kingine. Mtoto wa mtu amemchapa kitabuni, na amemchapa vibaya.

Alifungua sanduku, akatoa ile kanga, ikiwa na mikunjo iliyokauka kama njia za mchwa. Akaitandika chini, akaketi juu yake.

"Faudhia amekosea," alisema.

"Amekosea wapi?"

"Anasema sikulia kwa sababu ya ujasiri. Lete daftari."

Uwimana alileta, akakaa kwenye ncha ya kanga.

"Miaka ile pale Kibondo askari walikuwa wanakusanya Warundi walioishi nje ya kambi. Hata sisi tuliokaa tangu sabini na mbili, tulichukuliwa baadhi yetu. Mimi nikashikwa na uchungu katikati ya watu nisiowajua. Nikajua nikifungua mdomo nitalia Kirundi. Nitamwita mama yangu kama tulivyomwita kule. Waha hulia karibu sawa na sisi, lakini mwenye hofu hasikii ukaribu. Nikauma shuka. Nikagonga ukuta. Haikuwa nguvu, mwanangu. Nilikuwa naificha lugha yangu."

Kalamu ya Uwimana ilikuwa imesimama. Kisha ikaanza, haraka, na Esteri akaisikiliza inavyokwaruza. Alisubiri mpaka ukurasa ukageuzwa.

"Andika na kwamba adhana ilikuwa inalia. Na kwamba ulitoka ukinitazama." Akasikiliza upande wa barabara, kama alivyozoea tangu enzi za askari wale. "Na hii, mwanangu, Faudhia asiione mpaka umalize."